SOMO: Umedhulumiwa na huna hela ya wakili? Anza kwa msaidizi wa kisheria

Wakuu habari zenu. Mimi najitolea kama msaidizi wa kisheria kwenye kata moja huku Morogoro, na kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanatufikia wakiwa wameshaliwa hela na mawakili vishoka, tena muda umeshapita. Huduma yetu ni bure, ipo kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kwa hiyo msaidizi akikuomba hata ya soda, ondoka.

Hatua ya 1: Tutafute. Nenda ofisi ya kata muulize mtendaji au afisa maendeleo ya jamii, wanatujua. Walioko Dar wana pia mashirika ya msaada wa kisheria kama LHRC, TAWLA na WLAC.

Hatua ya 2: Makaratasi. Hapa ndipo kesi nyingi zinafia. Chukua daftari uandike tarehe zote, ulianza kazi lini, ulifukuzwa lini, nani alikuwepo. Mkataba huna? Usikate tamaa, beba salary slip, kitambulisho cha kazi, meseji za bosi, hata zile za mshahara kuingia kwenye simu, piga screenshot uprinti maana simu ikiibiwa na ushahidi umeenda. Kila kitu toa kopi, orijino usimwachie mtu yeyote, hata mimi.

Hatua ya 3: Sema yote, hadi yanayokuchafua. Kuna mzee alinisimulia kiwanja chake kimeporwa, tumeandika barua nzuri tu, kumbe alishasaini karatasi ya mauziano na hela alishakula, tukaumbuka wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya 4: Usitoke bila kuuliza naenda wapi na mwisho wangu lini. Ukiachishwa kazi unaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, madai mengine ya kazi kama malimbikizo ya mshahara ni siku 60. Bosi anayekwambia "subiri mwezi ujao tutaongea" wengine wanajua kabisa wanachofanya.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi nina siku ya 41 tangu nifukuzwe, ndo basi tena?
Jibu: Bado, ila umejipa mzigo. Kuna fomu ya kuomba CMA wakukubalie kufungua nje ya muda, unaeleza kwa nini ulichelewa. Kama ulilazwa weka karatasi za hospitali. "Sikujua sheria" peke yake haikubebi. Nenda kesho asubuhi.

Swali: Utanisimamia mahakamani?
Jibu: Hapana ndugu yangu, siruhusiwi, mimi sio wakili. Nakuelekeza, nakusaidia kuandaa nyaraka, nawakalisha mzungumze kama inawezekana, na ikinizidi nakupeleka kwenye taasisi yenye mawakili wa msaada.

Swali: Jirani kasogeza mpaka, baraza la kata likisema nimeshinda si imeisha?
Jibu: Hiyo ilikuwa zamani. Tangu marekebisho ya 2021 baraza la kata kwenye ardhi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Lina siku 30, likishindwa unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila usiliruke, utarudishwa.

Swali: Baba mtoto hatoi matunzo mwaka wa pili huu na nikimkumbusha ananipiga.
Jibu: Pole sana dada yangu. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. La kipigo nenda dawati la jinsia polisi leo, na hilo usikubali mtu akwambie mkalimalize nyumbani. La matunzo nenda ustawi wa jamii na cheti cha mtoto, wanamwita, akigoma linaenda mahakamani. Ukiogopa kwenda peke yako ongea na msaidizi wa kisheria wa kata yako akusindikize, hiyo nayo ni kazi yetu.

Swali: Mnafungua jumamosi?
Jibu: Sisi ndio, hadi saa 7. Kwingine ulizia kwanza.