Ukimkalia mzazi hapa Lamu, angalia haya siku za mwanzo

Watu wengi wanadhani kazi ya nasi (nesi) wa uzazi inaisha pale hospitali ya King Fahd mzazi akipewa ruhusa, lakini kwa mtoto mchanga wiki ya kwanza ndo ya hatari zaidi, karibu robo tatu ya wachanga wanaofariki hufariki wiki hiyo, na siku hizo nyingi mtoto yuko nyumbani. Nasi hayuko chumbani, uliyeko ni wewe, mamake, shangazi, wifi, mama mkwe. Kwa hivyo haya naandika kwako wewe unayemkalia, manake macho yako ndo wodi.

Anza kabla ya uchungu. Kama mko Lamu mjini mtabebana mpaka hospitali, lakini walioko Siyu, Faza au Kizingitini wanaotumwa huku mjini wanajua mkondo wa Mkanda maji yakipwa boti kupita ni shida, na kuzunguka nje kwa bahari kuu wakati wa upepo wa kusi si mchezo. Mwezi wa nane wa mimba mshapatana na nahodha, hela ya petroli iko kando, na kuna nahodha wa pili akiwa wa kwanza hayuko. Kama mama ana presha, mapacha, au alishapasuliwa, bora aje akae kwa jamaa hapa mjini mapema kuliko kungojea maji yajae usiku.

Akishazaa jambo la kwanza ni damu. Damu kutoka ni kawaida, ila watu wamezoea kukisia kwa macho tu, na macho hudanganya sana kwenye damu. Hata mahospitalini siku hizi wanaanza kuipima, kuna utafiti ulitoka 2023 uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, mama aliwekewa mfuko wenye alama chini yake, damu ikifika kiwango anapewa yote kwa pamoja, kukandwa tumbo, dawa ya kukaza kizazi, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipa, na kukaguliwa inatoka wapi, na kutokwa damu nyingi kupita kiasi kukapungua kwa asilimia 60. Nyumbani huna mfuko huo lakini unaweza kuhesabu pedi. Pedi moja ikirowa yote ndani ya saa moja, au anatoa mabonge makubwa, au anahisi kizunguzungu na jasho baridi, hapo hakuna kuchemsha dawa, ni kuondoka. Na kichwa kikimuuma sana na macho yanaona ukungu usiseme ni uchovu wa kuzaa, kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto ameshazaliwa, mpaka wiki 6. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, hizo pia ni za kumrudisha.

Mtoto sasa. Asioshwe kabla ya masaa 24, najua mabibi hawalipendi hili, wanaona mtoto bado mchafu, lakini ule utando mweupe unamlinda ngozi na maji yanampokonya joto. Mlaze kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, leso juu yao wote wawili. Mtoto aliyezaliwa mdogo ndo anahitaji hii kuliko wote, njia hii ilianzia Bogotá Kolombia 1978 mashine za joto zilipokuwa hazitoshi, na tangu 2022 WHO wanasema ianze mara tu baada ya kuzaliwa, wasingojee mtoto apate nguvu kwanza. Mama akichoka, baba au bibi pia ana kifua. Ila jiko la makaa chumbani toa, na ubani na udi ufukizwe mtoto akiwa chumba kingine, mapafu yake ni madogo mno kwa moshi.

Anyonye ndani ya saa moja, na yale maziwa ya manjano ya mwanzo yasikamuliwe yakamwagwa. Maji, maji ya sukari, gripu, vyote bado mpaka miezi 6. Tahniki, kumpaka mtoto tende mdomoni, ni mambo ya dini na siingilii, lakini anayeifanya aoshe mikono vizuri, iwe tende laini kiasi cha kugusa tu, asali usitumie kabisa mpaka mtoto atimize mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka kupumua.

Kitovu kiwe kikavu. Ukipewa jeli na nasi paka kama alivyokuonyesha, kitovuni tu, isiguse macho kamwe. Wanja usitie kitovuni wala machoni, mwingine una madini ya risasi. Kitovu kikitoa usaha, au ngozi pembeni ikawa nyekundu, peleka.

Kupumua kunahesabiwa mtoto ametulia, toa simu uweke dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha mara mbili. Ikifika 60 au zaidi hesabu tena, ikibaki hapo nendeni, na akibonyea kifua, akikataa ziwa, akistuka stuka mwili mzima, akiwa moto au baridi, hata usihesabu. Manjano, ngozi ya mtoto kugeuka rangi, nayo inatupita kwa sababu vyumba vyetu vya ndani havina mwanga, na taa ya umeme inadanganya rangi. Mtoe uwani mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kidogo, uachie uangalie kama ni ya manjano. Manjano ya siku ya kwanza ni hospitali moja kwa moja, na ikifika viganjani na nyayoni pia, kumwanika jua hakutoshi.

Halafu arubaini. Mzazi kupumzika siku 40 ni jambo zuri sana na natamani kila mama angepata, lakini isiwe sababu ya kukosa kliniki, kuna kuangaliwa siku ya tatu na tena kati ya siku ya 7 na 14, avae buibui lake atoke arudi, au mwite mhudumu wa afya wa mtaani aje. Wiki 6 ni siku 42, kwa hiyo arubaini ikiisha tu chanjo inafuata, BCG na polio ya matone zilishatangulia alipozaliwa. Kitabu cha kliniki beba kila safari. Na mama akiwa analia kila siku zaidi ya wiki mbili, halali hata mtoto akilala, au anasema hamtaki mtoto, mwambie nasi siku hiyo hiyo, msimwache peke yake.