Kuchagua kiunzi cha majaribio ya kivinjari: pytest, unittest, JUnit au TestNG

Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo, hufungua Chrome, hujaza fomu na kubofya kitufe, kisha kazi yake imeisha. Haijui kama kilichotokea ni sawa au ni kasoro. Anayeamua ni kiunzi cha majaribio, na hicho unakichagua mwenyewe. Hapa Kisumu naona watu wakichagua kwa kuuliza kipi maarufu. Mimi huuliza kipi kinafunga kivinjari vizuri jaribio likianguka.

Tuchukue tovuti ya kukata tiketi za basi, Kisumu hadi Nakuru.

Hatua ya 1: Fuata lugha ya timu

Wanaoandika Python watumie pytest au unittest. Wa Java, JUnit au TestNG. Wa JavaScript hawana haja ya kuhangaika sana, kwa kuwa zana zao za kivinjari huja na kiunzi: Playwright ina chake, na Cypress inatumia kiunzi cha Mocha kwa ndani. Usilete lugha ya pili kwa ajili ya majaribio tu. Aliyeyaandika akipata kazi Nairobi, nani atayarekebisha?

Hatua ya 2: Andika jaribio moja linalokuuma

Kwetu ni namba ya simu. Abiria mmoja ataandika 07, mwingine 01, mwingine +254, na wa nne ataweka nafasi katikati kwa sababu ameinakili hivyo. Zote zipite. Kwa pytest:

```python
import pytest
from selenium import webdriver
from selenium.webdriver.common.by import By
from selenium.webdriver.support.ui import WebDriverWait
from selenium.webdriver.support import expected_conditions as EC

ANWANI = "http://localhost:8000/tiketi"

@pytest.fixture
def kivinjari():
    dereva = webdriver.Chrome()
    yield dereva
    dereva.quit()

@pytest.mark.parametrize("namba", [
    "0700000000", "0100000000",
    "+254700000000", "0700 000 000",
])
def test_namba_inapita(kivinjari, namba):
    kivinjari.get(ANWANI)
    kivinjari.find_element(By.ID, "simu").send_keys(namba)
    kivinjari.find_element(By.ID, "endelea").click()
    assert WebDriverWait(kivinjari, 10).until(
        EC.title_contains("Chagua kiti"),
        "Hatukufika ukurasa wa viti")
```

Kuanzia Selenium 4.6 huhitaji kutafuta dereva ya Chrome (programu inayoiunganisha na Selenium) mwenyewe. Inajipakulia, mradi uwe na intaneti mara ya kwanza. Fanya haya yote kwenye mazingira ya majaribio. Ukifika hatua ya malipo ya M-Pesa, tumia mazingira ya majaribio ya Daraja (jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa) na namba yako mwenyewe, usije ukamtumia mtu asiyekujua ombi la PIN saa nane usiku.

Hatua ya 3: Tazama data nyingi zinavyopita

Hapo juu, kila namba ni jaribio kamili lenye Chrome yake. JUnit 5 inafanya hivyo kwa `@ParameterizedTest`, TestNG kwa `@DataProvider`. Unittest ina `subTest`, lakini ukiitumia, namba zote zinapita ndani ya jaribio moja na `setUp`, sehemu ya maandalizi inayotangulia kila jaribio, haiitwi tena. Vidakuzi vya namba ya kwanza vitaikuta ya pili, na utajikuta unasaka kasoro ambayo abiria hawezi kuipata.

Hatua ya 4: Nani anafunga kivinjari?

Hapa ndipo pa kukaa. Kilicho baada ya `yield` kinatekelezwa hata jaribio likianguka, kwa hiyo Chrome haibaki ikila kumbukumbu. Unittest ina mtego: `setUp` ikianguka katikati, tuseme baada ya kufungua kivinjari lakini kabla ya kuingia kwenye akaunti, `tearDown`, sehemu ya kusafisha mwishoni, haiitwi kabisa. Dawa ni kuandika `self.addCleanup(dereva.quit)` mara tu kivinjari kinapofunguka. Pytest nayo haitekelezi kilicho baada ya `yield` ambayo haijafikiwa, hivyo weka kuingia kwenye akaunti katika fikscha ya pili (fikscha ni ile kazi yenye `@pytest.fixture`), usiibane na ile ya kufungua Chrome.

Kuna kishawishi cha `scope="session"`, kivinjari kimoja kwa majaribio yote. Ni haraka, kweli. Lakini kiti kilichochaguliwa na jaribio la kwanza kitaingilia la tano. Anza na kivinjari kipya kila mara.

Hatua ya 5: Livunje makusudi

Badilisha "Chagua kiti" iwe "Chagua kitu" kisha usome ripoti. Pytest itakuandikia `test_namba_inapita[0100000000]`, unajua papo hapo ni namba ipi. Bila ule ujumbe tuliouweka kwenye `until`, ungepata `TimeoutException` kavu isiyosema lolote.

Hatua ya 6: Sambamba, na maamuzi

Ili kuendesha majaribio kadhaa kwa wakati mmoja, pytest inahitaji programu-jalizi ya pytest-xdist, kisha `pytest -n 2`, yaani mawili kwa pamoja. Kwenye laptopu ya GB 4 usizidishe hapo. TestNG unaipangia idadi ya nyuzi (threads) kwenye faili yake ya XML.

Uamuzi wangu: Python, pytest. Java kwenye Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java, JUnit, kwa kuwa tayari imo ndani ya `spring-boot-starter-test`. TestNG naichukua pale tu mtiririko ni mrefu na unategemeana: kuingia, kuchagua kiti, kulipa. Kwa `dependsOnMethods`, kuingia kukikwama, yanayofuata yanarukwa badala ya kuwekewa alama ya kuanguka, na ripoti inakuonyesha kasoro moja, si tatu.