Mesh: pima nodi na nodi, si simu peke yake

Ndugu zangu mnaofunga Wi-Fi ya mesh hapa Bukavu, yaani vifaa kadhaa (nodi) vinavyopokezana mtandao kwa mawimbi, msiridhike kuona mistari ya simu imejaa. Hiyo inaonyesha tu kwamba simu na nodi iliyo karibu zinasikilizana. Kinachoangusha mtandao mara nyingi ni mawasiliano kati ya nodi hiyo na mwenzake wa ng'ambo ya kilima.

Ingia kwenye mipangilio ya kila nodi, utafute nguvu ya mawimbi ya jirani yake kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Kati ya -50 na -65 ni vizuri sana. Ikifika -75, hamisha. Kule Kadutu nilifunga moja chini ya bati, ikasoma -78, na watu wakalalamika juma zima. Nikaipandisha kwenye mlingoti, mita 2 juu ya paa, ikaona jirani yake bila kizuizi: -61. Sikubadilisha kitu kingine. Bati linaziba mawimbi vibaya sana, na mji wetu wote ni bati.

Nodi yenye redio moja (inayopokea na kutuma kwa zamu) hupoteza karibu nusu ya kasi kila data inaporuka kwenda nodi nyingine. Baada ya miruko miwili, afadhali kuvuta waya.

Siku ya kufunga, andika namba zote za dBm kwenye daftari. Kisha piga ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama nodi inajibu) kwa kila nodi asubuhi, na tena umeme ukirudi, na usome dBm upya. dBm ikishuka ghafla kwa 10, mfano kutoka -61 hadi -71, panda juu uangalie: huenda antena imegeuzwa na upepo, au maji yameingia kwenye kiunganishi.