Pip inasema moduli ipo, Python inasema haipo: kuinstoli moduli Windows, Linux, Mac na hata kwenye simu

Wakuu, hii kitu nimeielezea WhatsApp mara nyingi mpaka vidole vimechoka, kwahiyo leo naiandika yote sehemu moja, mtu akiniuliza tena namtumia hii tu.

Kisa huwa ni kilekile. Mtu anajifunza Python (lugha ya kuandikia programu), anataka moduli ya requests, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine ambayo unaiongeza kwenye Python yako. Kaandika kwenye terminal pip install requests (pip ndiyo inayodanlodi na kuinstoli moduli), imeshuka vizuri, kaona Successfully installed, roho imetulia. Anarun kodi yake anapigwa na ModuleNotFoundError: No module named 'requests'. Anarudi kuinstoli tena, pip inamjibu Requirement already satisfied, yaani mzigo upo tayari unataka nini tena. Mmoja anasema ipo, mwingine anasema haipo, na wewe umekaa katikati kama mjumbe wa nyumba kumi anayesuluhisha ndoa ya watu.

Sasa hapo hakuna muongo. Moduli haiingii "kwenye kompyuta", inaingia kwenye Python fulani, na mashine moja inaweza kuwa na Python tatu nne mwenyewe hata hana habari: kuna ile ulidanlodi python.org mwaka juzi, kuna ya Microsoft Store, kuna iliyokuja na Anaconda siku ulipokuwa unajifunza data, halafu VS Code unayoandikia kodi nayo imejichagulia ya kwake kimyakimya. Pip uliyoiita ni ya Python hii, kodi inarun na Python ile. Ukishalielewa hilo, nusu ya matatizo yako yameisha leo.

Kwahiyo acha kuiita pip peke yake. Iite kupitia Python yenyewe:

python -m pip install requests

Python uliyoitaja hapo mwanzo ndiyo itakayopokea mzigo, hakuna kubahatisha. Na kama kodi bado inagoma, weka mistari hii miwili juu kabisa ya faili linalogoma:

import sys
print(sys.executable)

Itakuandikia njia nzima ya Python inayorun hiyo kodi. Chukua njia hiyohiyo, bandika mbele ya -m pip install, umemaliza. (Njia ikiwa na nafasi ndani, kama jina la akaunti yako ni la maneno mawili, izungushie alama za nukuu, na PowerShell, lile dirisha la amri la Windows, inataka utangulize alama ya & mbele yake.)

WINDOWS

Ukiinstoli kutoka python.org kuna kiboksi chini kabisa kimeandikwa Add python.exe to PATH (PATH ni orodha ya sehemu ambazo kompyuta inatafuta programu ukiandika jina lake). Kitiki. Watu wanabonyeza Install Now kwa haraka kama wanakimbizwa, baadae wanaandika python, Microsoft Store inafunguka, wanaanza kulaumu kompyuta. Ikikutokea nenda Settings tafuta App execution aliases uzime zile mbili za python, au kirahisi zaidi tumia py badala ya python, hiyo huwa inajua Python zako zilipo:

py -0p
py -3.12 -m pip install requests

Ya kwanza inakuorodheshea Python zote ulizonazo na sehemu zilipo (hiyo ni sifuri, sio herufi O), ya pili inapeleka moduli kwenye 3.12 tu.

Halafu kuna lile kosa maarufu, Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required. Hapa ndo watu wanapoteza bando. Wanaenda kudanlodi Build Tools, magiga kibao, kumbe tatizo mara nyingi sio hilo. Moduli kama numpy zina sehemu zilizoandikwa kwa lugha nyingine inaitwa C, zinakuja kwa namna mbili. Faili linaloishia na .whl ni ugali ulioiva, unapakua unakula. Faili la .tar.gz ni unga, inabidi uwe na jiko na sufuria upike mwenyewe, na hilo jiko ndo hiyo Visual C++. Pip ikikosa ugali ulioiva unaokufaa wewe inaanza kupika, na kwako jiko hakuna.

Kwanini ikose? Soma jina la faili: cp312-win_amd64 maana yake Python 3.12, Windows ya biti 64. Kama wewe umekimbilia Python iliyotoka wiki iliyopita, wenye moduli yao bado hawajapika ya kwako. Dawa yake ni kushuka vesheni moja au mbili, Windows inakubali Python kadhaa zikae pamoja bila ugomvi. Mimi binafsi sigusi Python mpya mpaka ikae miezi kadhaa, wacha wengine wakanyage miba kwanza. Na kama hutaki pip ijaribu kupika kabisa, ongeza --only-binary=:all: itakwambia mapema kwamba hakuna.

UBUNTU, DEBIAN NA NDUGU ZAO

Huku kuna jipya linalochanganya watu waliojifunza zamani. Kuanzia Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za mwaka 2023, ukiandika pip install unatolewa nje na error: externally-managed-environment. Sio kwamba mashine imeharibika. Linux yenyewe inatumia Python kwa kazi zake za ndani, ufw (ya firewall) ni Python, add-apt-repository (ya kuongeza vyanzo vya programu) ni Python, kwahiyo wewe ukibadilisha moduli za mfumo kiholela unachomoa tofali kwenye ukuta wa nyumba unayolala. Mimi nilishawahi, enzi za sudo pip install, nikaapdeti moduli moja tu, kesho yake add-apt-repository ikawa inatapika makosa ukurasa mzima, nikaishia kufomati mashine. Kwahiyo yule anayekushauri uweke --break-system-packages soma hilo jina tena taratibu, limejieleza lenyewe.

Ukitaka moduli ya kawaida tu kwa mfumo mzima, ichukue kwa apt, kiinstola cha mfumo wenyewe:

sudo apt install python3-requests

Ukiwa na projekti yako, tengeneza venv, yaani Python ndogo ya projekti hiyo peke yake, hata ukiivuruga unafuta foda unaanza upya:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
python -m pip install requests

Hiyo venv sio ya Linux tu, imekuwemo ndani ya Python tangu 3.3, na mimi naitumia kila mahali. Windows unaiwasha kwa mazingira\Scripts\activate, na PowerShell ikikwambia running scripts is disabled on this system basi andika Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned mara moja tu. Au usiiwashe kabisa! Wengi hawajui kwamba kuwasha sio lazima, unaita Python yake moja kwa moja:

mazingira\Scripts\python -m pip install requests

Ila usije ukakopi foda la venv kwenye flashi ukalipeleka mashine nyingine. Ndani yake kuna njia zimeandikwa za mashine ile, halafu Windows ina Scripts wakati Linux ina bin, haitafanya kazi. Kinachosafiri ni orodha ya moduli:

python -m pip freeze > requirements.txt

Kule unakokwenda unatengeneza venv mpya kisha python -m pip install -r requirements.txt. Orodha ikitoka Windows inaweza kuwa na pywin32, moduli ya Windows tu, na hiyo Linux haina maisha, basi kwenye faili iandike hivi ili mashine nyingine ziiruke: pywin32; sys_platform == "win32"

MAC

Sina mengi. Andika python3 badala ya python, maana Apple waliiondoa Python 2 kwenye macOS 12.3 mwaka 2022 na python tupu mara nyingi inajibu command not found. Python ya Homebrew (kiinstola cha programu cha Mac) nayo inatoa kosa lilelile la externally-managed, dawa ni ileile, venv. Kosa likitaja x86_64 na arm64 kwenye sentensi moja ujue umechanganya Python ya Mac za Intel na chip za M1 kuendelea, futa venv tengeneza nyingine kwa Python sahihi.

SIMU

Nacheka lakini sio utani, kuna watu wengi tu wanajifunza Python kwenye Android na wako vizuri kuliko wenye laptopu. Danlodi Termux (app inayokupa terminal kwenye simu) kutoka F-Droid, ambayo ni stoo ya app, halafu:

pkg install python
python -m pip install requests

Hiyo inaingia bila shida kwasababu requests ni Python tupu. Shida ni numpy na wenzake. Utasema si Android ni Linux? Ni Linux ila maktaba yake ya C inaitwa Bionic, na zile whl za Linux zilipikwa kwa glibc, maktaba ya C ya Linux za kawaida, kwahiyo pip inaanza kupika kwenye simu, simu inachemka kama pasi, nusu saa baadae inakufa. Usipige pip, chukua iliyopikwa na watu wa Termux wenyewe:

pkg install python-numpy

Na ndani ya Termux usiwe na tabia ya kuapgredi pip ovyo, waachie wao kwa pkg upgrade.

BANDO

Kama mtandao unapatikana chuo au kazini tu na nyumbani unahesabu MB, danlodi huko uje nazo kwenye flashi:

python -m pip download -d mzigo -r requirements.txt

Nyumbani bila hata data:

python -m pip install --no-index --find-links mzigo -r requirements.txt

Kama mashine ya chuo ni Linux na yako ni Windows, kwenye ile ya kwanza ongeza --platform win_amd64 --python-version 312 --only-binary=:all: ili ikuchukulie zinazofaa kwako (312 weka namba ya Python yako). Mtandao ukiwa wa kusuasua na unapigwa na ReadTimeoutError, weka --timeout 100, maana yenyewe kawaida inavumilia sekunde 15 tu. Na usiogope kutengeneza venv nyingi, pip inatunza ilichokwisha kudanlodi, moduli ileile vesheni ileile haikuli bando mara mbili.

MAJINA

Jina la kuinstoli na jina la kuimport sio lazima yafanane. Ukiimport cv2 unainstoli opencv-python, PIL ni Pillow, bs4 ni beautifulsoup4, sklearn ni scikit-learn, yaml ni PyYAML. Usikisie jina, ingia pypi.org, ghala ambalo pip inachukulia moduli, uhakikishe kwanza, kwasababu kuna wahuni wanapandisha moduli zenye majina yanayokaribiana na maarufu, ukikosea herufi moja umejiletea mwizi ndani.

Na usiliite faili lako jina la moduli. Mdogo wangu alinipigia usiku, requests ipo, Python ni moja tu, venv safi, kila kitu kiko sawa lakini anaambiwa module 'requests' has no attribute 'get'. Tumehangaika karibu saa nzima, nimeshamfutisha na kumuinstolisha mara mbili, ndo nikamwambia hebu nipigie picha ya foda lote. Faili lake alikuwa ameliita requests.py. Python inatafuta kwanza kwenye foda lako kabla ya kwenda kwingine, kwahiyo ilikuwa inajiimport yenyewe. Tukabadilisha jina ikawa jaribio.py, ikarun palepale, akakata simu hata ahsante hakusema.