Kununua kabati na vifaa vya kuchaji laptopu za shule bila kuumiza mazingira (wala pesa ya BOM, bodi ya shule)

Shule ikishapata laptopu, iwe ni Kisumu, Siaya, Vihiga ama huko Nakuru, swali linalofuata ni tunaziweka wapi na tunazichaji aje. Hapo ndio watu wa mauzo wanatokea na katalogi ya troli za kuchajia zimepakwa kijani, jani limechorwa mlangoni, na bei ya kukufanya utafute kiti ukae kwanza. Kabla mwalimu mkuu asaini LPO (oda rasmi ya kununua), walimu wenzangu, elewa kitu kimoja: uchafuzi mwingi wa laptopu ulishatokea kule kiwandani ilipotengenezwa, sio kwa stima inayokula hapa shuleni. Kwa hivyo kabati la kusaidia mazingira ni lile linafanya hiyo laptopu ikae miaka saba badala ya mitatu. Rangi ya kijani haina kazi hapo.

Na huku kwetu adui wa kwanza wa laptopu ni joto. Betri ya lithiamu haipendi joto kabisa, hasa ikiwa inachajiwa na imejaa, na wewe unajua vile kompyuta lab ya Kisumu inakuwa mwezi wa pili saa nane mchana, mabati juu hakuna siling, sasa ufungie laptopu 30 ndani ya sanduku la chuma zikichaji zote pamoja. Betri itafura tu. Angalia kabati kwa jicho la hewa kwanza: iwe na matundu chini na matundu juu, nyuma ama ubavuni, kwa sababu hewa moto hupanda yenyewe na ile baridi inaingia kwa chini, hauhitaji feni. Mtu akikuuzia kabati la feni mbili piga hesabu hivi: feni zote mbili zikiwa 20W kwa jumla, zikizunguka saa 24 zinakula karibu nusu yuniti (kWh) kwa siku, na kuchaji laptopu 30 kutoka chini mpaka juu ni kama yuniti moja na nusu hivi. Yaani feni pekee inakula theluthi ya kazi yenyewe. Kama lazima feni, basi iwe na sensa ya joto ijizime.

Hayo matundu yafunikwe na wavu mdogo. Walio karibu na ziwa wanajua vile wadudu wa ziwani wakikuja jioni wanafuata taa mpaka ukuta unabadilika rangi, na huko upande wa Nakuru shida ni vumbi. Mende nao wanapenda sana mahali pa joto penye waya. Wavu unaotoka kwa skrubu, sio wa kuchomelewa, ndio mtu aweze kuuosha.

Chuma ama mbao? Mimi niko upande wa chuma, na kitengenezwe hapa hapa. Fundi wa jua kali wa Kibuye hapo Kisumu atakuchomelea kabati la shiti ya geji 18 na mlango wa kufuli mbili, na komeo ikivunjika unarudi kwake na boda, hautumi barua pepe nje ya nchi kungoja spea. Chuma kikizeeka kinauzwa skrepu kinayeyushwa tena. Chipubodi na MDF achana nazo, unyevu wa huku unazifurisha kingo, gundi yake inatoa harufu kwa chumba kimefungwa, na ikichakaa hakuna mtu anaitaka, inaishia kuchomwa nyuma ya jikoni ya shule. Mbao ya saiprasi ni sawa kwa rafu za kuweka tu, lakini mahali chaja zinakaa pawe chuma, na hicho chuma kiunganishwe na waya wa athi (wa kupeleka stima ardhini) na fundi wa stima anayejua kazi, kwa sababu kabati la chuma bila athi waya ukichubuka ni mtego wa mtoto. Uliza pia rangi isiyo na risasi (lead), kiwango cha hapa Afrika Mashariki ni isizidi 90 ppm, yaani sehemu 90 kwa milioni, na inapatikana dukani bila shida.

Kuhusu troli za magurudumu enyewe sioni maana kwa shule zetu nyingi. Zimeundwa kwa korido laini, sisi kati ya darasa na darasa kuna murramu, ngazi mbili na mtaro wa maji ya mvua. Laptopu 30 ni kama kilo 45 kabla uhesabu chuma chenyewe, hayo magurudumu hayamalizi mwaka. Kabati likae limefungwa ukutani kwa bolti, wanafunzi wabebe laptopu kumi kumi kwa kreti yenye spongi ndani. Ni rahisi na wezi pia wanapata kazi ngumu.

Sasa tuje kwa stima, na hapa msinikimbie. Soma chaja yako imeandikwa wati ngapi, nyingi ni 45W ama 65W. Laptopu 30 za 65W zikianza pamoja ni 1,950W. Soketi ya ukutani ya 13A kwa volti 240 mwisho wake ni kama 3,100W, kwa hivyo unaona zinaingia, lakini ukiongeza fotokopi na birika ya stafurumu kwa laini hiyo hiyo umefika. Usiunganishe ekstensheni kwa ekstensheni nyingine, hata kama zote ni mpya. Njia nzuri ni kugawa laptopu makundi mawili na taima ya soketi, kundi la kwanza likimaliza la pili linaanza. Taima ya kawaida ya mkono ni bei ndogo sana ukilinganisha na zile kabati zinajiita smati, na ikikufa unabadilisha hiyo peke yake.

Ukienda kununua ekstensheni beba sumaku. Pini za plagi zikishika sumaku hizo ni chuma zimepakwa, sio shaba, zitachoma soketi. Mwambie muuzaji akwangue waya na kisu, ukiona weupe ndani ni alumini imevishwa shaba juu, rudisha. Alama ya KEBS (shirika la viwango) iangalie lakini usiiamini macho tu, wanaoiga ni wengi. Na kwa watu wa Kisii, Kakamega, Vihiga, ile radi ya jioni mnaijua wenyewe, kifaa cha kuzuia stima kuruka ghafla (surge protector) kiwekwe kwa bodi kubwa ya stima ya jengo, na mvua ikianza kunguruma mtu azime swichi ya kabati. Radi moja ikiua chaja 30 hayo yote ya mazingira yameisha hapo.

Saa ya kuchaji pia ni uamuzi wa mazingira, watu wengi hawajui hii. Stima nyingi ya Kenya tayari ni safi, mvuke wa Olkaria huko Naivasha, mabwawa, upepo wa Turkana. Shida ni jioni saa moja mpaka saa tatu hivi nchi nzima ikiwasha taa na kupika, hapo ndio mitambo ya mafuta inaitwa, na upande wetu wa magharibi tuko na ule wa Muhoroni. Basi taima yako iruke hizo saa. Usiku wa manane stima ni ya mvuke na upepo, inafaa, ila kama shule ni ya bweni kabati lisikae jengo moja na wanafunzi wanapolala, na pasiwe na karatasi wala mapazia karibu. Kama hakuna askari wa kuzunguka usiku, chaji asubuhi kabla jua halijapasha mabati.

Ama tumia sola, na hapa kuna ujanja ambao wauzaji hawakuambii juu hauwaletei pesa: laptopu yenyewe ni betri. Ukichaji mchana jua likiwaka hauhitaji benki kubwa ya betri. Paneli moja ya 550W kwa siku nzuri ya Kisumu inatoa kama yuniti mbili ukitoa hasara za njiani, hiyo inatosha darasa zima, weka mbili kwa sababu ya siku za mawingu. Kama lazima betri iwepo chagua ile ya lithiamu ya LiFePO4, inavumilia kuchajiwa mara 3,000 na zaidi. Zile za risasi na asidi ni bei nafuu siku ya kwanza tu, ukizimaliza chini ya nusu kila siku zinakufa haraka, halafu risasi yake ikishughulikiwa vibaya ni sumu. Owino Uhuru kule Mombasa watu waliumia kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kama hizo, mpaka korti mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Fundi wa sola awe na leseni ya EPRA (mamlaka ya kawi na petroli), mwambie akuonyeshe, sio akuambie.

Chaja zilizokuja na laptopu zitumie hizo hizo. Kununua stesheni mpya ya kuchaji ya USB-C huku ukitupa chaja 30 nzima ni kuongeza taka. Lakini kama laptopu zenu ni za USB-C na chaja zimepotea, stesheni ya poti nyingi ni sawa, uangalie wati za kila poti sio jumla, juu 200W ikigawanywa poti kumi ni 20W kila moja na laptopu nyingi zitakataa. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa laptopu mpya kuanzia Aprili 2026, na mitumba mingi ya kompyuta hutoka huko, kwa hivyo kabati la leo liachiwe nafasi ya waya wa aina hiyo. Kwenye mipangilio ya laptopu weka kikomo cha kuchaji cha 80% kama inakubali.

Likizo ya Novemba mpaka Januari ndio huua betri nyingi. Laptopu zizimwe kabisa, sio kulazwa (sleep), zikiwa na chaji kama 50%, taima itolewe, mtu mmoja azipitie mara moja kwa mwezi. Betri iliyofura itolewe siku hiyo, isitobolewe, ikae nje ya jengo ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu mpaka ichukuliwe na kampuni yenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira). WEEE Centre ya Nairobi ni moja ya wanaofanya hiyo kazi. Na kabla ununue chochote, andika kwa kotesheni kwamba muuzaji atarudisha vyake vikiharibika na atauza spea kwa miaka mitano, fyuzi, kufuli, bawaba, bodi ya chaja. Anayekataa kusaini hiyo laini, pita uende kwa mwingine.