Kuipeleka sampuli ya Rondo kwenye mkutano wa bioanuwai: hatua kwa hatua

Hapa Lindi, ukitaja tu makusanyo ya historia asilia utaulizwa: mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, iliyochimbwa Tendaguru inarudi lini? Swali ni la haki. Wajerumani waliichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini, na leo mmoja wa mijusi hao amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Ila Mkataba wa Bioanuwai wa 1992 unahusu viumbe hai. Mabaki ya kale yanatajwa kwenye Mkataba wa UNESCO wa 1970. Ukichanganya hoja hizi mbili, utapoteza zote.

Hatua ya 1: Chagua sampuli moja. Tuseme ni tawi kavu la mti wa msitu wa Rondo. Soma lebo yake: nani alikusanya, tarehe, mahali hasa, jina la kienyeji. Lebo yenye neno "Lindi" peke yake haitakusaidia, rudi kwenye daftari la msituni. Mimi huandika kwa penseli, kwa sababu wino hutawanyika karatasi ikipata unyevu.

Hatua ya 2: Ingiza taarifa hizo kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe. Kwa viumbe wanaowindwa au miti inayovunwa kwa magendo, usitoe mahali kamili.

Hatua ya 3: Tafuta kifungu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, tunalalamika bila kushika maandishi. Kifungu cha 17 cha Mkataba wa Bioanuwai kinataja kurejesha taarifa pale inapowezekana. Lengo la 21 la Kunming-Montreal, mpango wa dunia wa bioanuwai uliopitishwa chini ya Mkataba huo Desemba 2022, linataka watoa maamuzi wapate data bora zilizopo. Vishike hivyo viwili.

Hatua ya 4: Andika sentensi ambayo mjumbe wa nchi anaweza kuisoma mkutanoni kama ilivyo: "Inazihimiza nchi zenye sampuli zilizokusanywa kwingine kuzirudishia nchi za asili taarifa na picha za sampuli hizo." Iandike kwa Kiingereza pia, maana Kiswahili hakimo katika lugha 6 za mkutano.

Hatua ya 5: Ipeleke mapema Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira. Usisubiri kwenda kusema mwenyewe kama mtazamaji, yaani mshiriki asiyewakilisha nchi: watazamaji huzungumza baada ya nchi, muda ukibaki, na pendekezo lao halisimami mpaka nchi moja iliunge mkono. Ambatisha picha ya ile lebo, ili mjumbe akidaiwa mfano awe nao mkononi.