Kutoka kaunta buku hadi dukani: rasimu sita za riwaya moja ya watoto

Nilianza kuandika Desemba 2014, shule zikiwa zimefungwa. Kitabu kimeingia dukani 2021, kina kurasa 112 na maneno elfu ishirini na nne hivi. Watu wakisikia miaka saba hudhani nilikuwa naandika usiku na mchana. Wapi! Miaka miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kutaka kurekebisha kila kitu kwa mpigo: tahajia, majina, mwisho wa hadithi, hata jalada ambalo halikuwapo. Kilichonikwamua ni kuipa kila rasimu kazi moja tu. Ndio utaratibu nitakaokueleza hapa, pamoja na mambo ya mkataba na mtambo wa kuchapia vitabu ambayo hakuna aliyenitahadharisha nayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Pangani, mji wa pwani ya Tanga kwenye mlango wa mto. Hadithi yangu ni ya Mwanaidi, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Bibi yake anaumwa ng'ambo ya mto, Bweni, na siku hiyo kivuko ni kibovu. Basi.

Hatua ya 1: Mjue msomaji kwa darasa lake

"Watoto" ni neno pana mno. Mtoto wa darasa la pili anahitaji kurasa chache, picha kila ukurasa, sentensi fupi. Mtoto wa darasa la tano hadi la saba anaweza kubeba riwaya yenye sura, mradi kila sura aimalize kwa kikao kimoja. Chagua darasa, kisha chagua mtoto mmoja unayemjua katika darasa hilo, umwandikie yeye.

Kuhusu urefu, usitishwe na hesabu za vitabu vya Kiingereza. Neno letu moja, "hawatamwona", kule ni maneno manne au matano. Riwaya ya maneno elfu ishirini kwa Kiswahili ni kazi nzima, haina upungufu wowote.

Hatua ya 2: Rasimu ya kwanza, mwaga tu

Nunua kaunta buku. Andika ukurasa wa kulia peke yake, wa kushoto uache wazi kwa masahihisho yajayo. Usirudi nyuma kusoma. Ukisahau jina la mtu weka mstari, uendelee. Mimi kwenye sura ya pili mjomba anaitwa Sefu, kwenye sura ya sita anaitwa Hamisi, na hilo halikuniua.

Ukimaliza, funga daftari, uliweke mahali usipopaona. Mwezi mmoja ni mfupi. Mimi niliacha muhula mzima.

Hatua ya 3: Rasimu ya pili, mwondoe mwalimu

Hii ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Nilipofungua daftari nilikuta Mwanaidi anahangaika sura saba, halafu sura ya nane anatokea mwalimu mkuu na boti ya injini, anamvusha, na njiani anampa nasaha kuhusu kuwaheshimu wazee. Mstari wa mwisho, naona haya kuusema, ulianza na maneno "Hadithi hii inatufundisha".

Sisi walimu tuna ugonjwa huo. Tumelelewa na hadithi zenye funzo mkiani, tukadhani mkia ndio mnyama mwenyewe. Sungura anapomlaghai Fisi, msimulizi hodari hasimami kueleza ubaya wa tamaa. Fisi anabaki na njaa yake, watoto wanacheka, na wamekwisha kuelewa.

Kazi ya rasimu ya pili ni kujibu maswali matatu kwa kalamu nyekundu. Mtoto huyu anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Na mwisho, anayefungua fundo ni yeye mwenyewe? Kama jibu la tatu ni "mtu mzima", rudi uandike upya. Nilimtoa mwalimu mkuu, nikampa Mwanaidi ngalawa ya jirani na hofu ya maji. Kurasa arobaini zikaenda na maji hayo hayo.

Hatua ya 4: Rasimu ya tatu, peleka mbele ya watoto

Soma kwa sauti. Anza kama ilivyo ada, paukwa, waitikie pakawa, kisha soma bila kuigiza sana, maana sauti yako nzuri inaweza kuficha ubovu wa maandishi. Shika penseli. Watoto wakianza kukwaruza dawati, weka alama ya wimbi pembeni ya mstari ule. Wakicheka, weka duara. Wakiuliza "halafu?", nyota. Jioni hesabu mawimbi yako.

Ila kuna mtego: wewe ni mwalimu wao, hawatakwambia ukweli. Darasa zima litasema "nzuri sana, Mwalimu". Nilipogundua hilo nikamwomba kijana wa kidato cha nne asome yeye, asiseme nani kaandika, nami nikakaa nyuma nikijifanya nasahihisha madaftari. Siku ile sura ya tatu, niliyoipenda kuliko zote, ilijaa mawimbi juu hadi chini. Ilikuwa maelezo ya historia ya mji.

Siku ile ile mtoto mmoja wa mvuvi akanyoosha mkono. "Saa hiyo maji hayawezi kuwa yamejaa."

Nilikuwa nimeandika kwamba saa moja asubuhi maji yamejaa, na saa saba mchana wa siku ile ile Mwanaidi anasukuma ngalawa maji yakiwa yamejaa vilevile. Mimi, mzaliwa wa Pangani! Toka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita. Toka kujaa hadi kujaa tena ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano hivi. Saa saba mchana ngalawa ingekuwa imelala kwenye matope. Ikabidi nipange upya siku nzima ya Mwanaidi. Na hapo hadithi ikapona, kwa sababu sasa alikuwa na haraka: akichelewa, maji yanamwacha. Tangu hapo kila mswada wangu una karatasi moja pembeni yenye saa, siku, mwezi angani na hali ya maji kwa kila sura. Kama hadithi yako haina bahari, andika ratiba ya basi, msimu wa mvua au siku za gulio. Watoto wanajua mambo hayo kuliko mhariri yeyote.

Hatua ya 5: Rasimu ya nne, lugha

Sasa ndipo uguse sentensi, hapo kabla ungekuwa unapaka rangi ukuta utakaobomolewa. Hii ni sentensi yangu ya zamani:

"Mwanaidi alikuwa ni msichana ambaye alikuwa anapenda sana kwenda kwenye kivuko ambacho kilikuwa kinaendeshwa na baba yake."

Na hii ni iliyochapishwa:

"Kivuko kikipiga honi tu, Mwanaidi hutupa ufagio na kutimkia gatini. Aliyeshika usukani ni baba yake."

Angalia yaliyotoweka: "alikuwa" mbili na "kilikuwa" yake, "ambaye", "ambacho", na kauli ya kutendwa. Kiswahili kina viungo vidogo vinavyofanya kazi kubwa. "-ki-" inabeba sharti na wakati kwa pamoja. "-po-" inakuokoa na "wakati ambapo". "-ka-" inasukuma matukio: akaruka, akadaka kamba, akaifunga kwenye mkoko. Lakini ukurasa mzima wa "-ka-" unachosha kama ngoma ya mdundo mmoja, kwa hiyo uuvunje kwa mazungumzo au kwa sentensi iliyotulia.

Tanakali za sauti zitumie kwa ukarimu. Jiwe likianguka majini chubwi, mtoto wa Tanga na wa Tabora wanalisikia sawasawa. Kuhusu lahaja, nilimwachia bibi aseme kipwani, msimulizi nikamweka kwenye Kiswahili sanifu. Neno kama "bamvua" sikulifafanua: niliandika kwamba maji ya bamvua yalifika hadi kizingiti cha duka, yakatosha.

Hatua ya 6: Mswada safi

Mimi nilichapiwa mswada kwenye kompyuta ya duka la steshenari, kwa malipo ya ukurasa. Ukifanya hivyo, kaa na anayekuchapia anapoanza. Binti wa kwanza "alinisahihishia" maneno yote ya bibi. Nafasi mbili kati ya mistari, namba kwenye kila ukurasa, jina la hadithi juu. Andika na muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja mwisho wa hadithi, usimfiche mhariri kama mtu anayeuza tiketi za sinema.

Na usiamini flashi. Yangu iliingia virusi mwaka 2017 ikafa na rasimu ya nne. Kilichoniokoa ni kopi niliyokuwa nimebaindi spairo ili dada yangu aisome. Sasa kila Ijumaa najitumia faili kwa barua pepe.

Hatua ya 7: Tuma, subiri, elewa unajibiwa nini

Kwanza tofautisha mchapishaji na mchapaji. Mchapishaji ndiye anayegharimia uhariri, michoro na uchapaji, kisha anakulipa wewe. Mchapaji ana mtambo, nawe unamlipa yeye. Kujichapishia si aibu, ila ujue umeingia mlango gani. Nyumba moja ya uchapishaji ilinijibu ndani ya siku tatu, ikausifia mswada, kisha ikaniomba milioni kadhaa "za kuchangia". Mchapishaji wa namna hiyo ni mchapaji aliyevaa tai. Nyingine ilikaa na mswada miezi kumi na moja bila neno. Iliyonikubali ilikuwa ya nne.

Kabla ya kutuma, ingia duka la vitabu usome majalada ya nyuma, ujue nani anachapisha vitabu vya umri wa wasomaji wako. Tafuta pia semina. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991 Dar es Salaam, umewapitisha waandishi na wachoraji wengi kwenye mafunzo. Tuzo nazo husaidia hata usiposhinda, kwa sababu zina tarehe ya mwisho: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza 2023, na Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, ambayo hupokea hata miswada isiyochapishwa.

Hatua ya 8: Mkataba

Usisaini siku ile ile. Uliza mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa juu ya bei gani. Chukua mfano: kitabu kinauzwa shilingi 8,000, mrabaha asilimia 10. Ukihesabiwa juu ya bei ya jalada unapata 800 kwa nakala. Kama duka linachukua punguzo la asilimia 40 na wewe unahesabiwa juu ya anachopokea mchapishaji, yaani 4,800, unapata 480. Asilimia ni ile ile, mfuko siyo ule ule.

Tazama pia nani ana haki ya tafsiri, redio na filamu, na haki zinarudi kwako lini kitabu kikikoma kuchapwa. Ukiambiwa uuze hakimiliki yote kwa malipo ya mara moja, kumbuka kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hilo ni shamba la wajukuu.

Hatua ya 9: Mhariri, mchoraji, prufu

Maoni ya mhariri yasome, funga, jibu baada ya siku tatu. Siku ya kwanza utajibu kwa hasira. Rasimu yangu ya tano ilikuwa ya kumjibu yeye, na alikuwa na haki katika mambo tisa kwa kumi. Lile la kumi nililipigania: alitaka bibi apone. Hakupona.

Mchoraji mpe picha za simu: gati, ngalawa yenye mbao zake za ubavuni zinazoizuia isipinduke, sare ya shule. Asiyewahi kufika Pangani atakuchorea mtumbwi wa ziwani.

Usishangae ukiambiwa uongeze au upunguze kurasa. Karatasi kubwa ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16, ndiyo maana kitabu kina 96 au 112. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa kawaida mchapishaji ndiye hushughulikia. Akitaka kitabu kiingie shuleni kama cha ziada, kuna tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania pia, na foleni yake.

Prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa unazopewa uzikague kabla ya kuchapwa, ndiyo rasimu ya sita. Isome kuanzia sura ya mwisho kurudi ya kwanza, ili hadithi isikubebe. Tazama mwisho wa kila mstari: kompyuta iliyowekwa Kiingereza hukata maneno yetu vibaya, "mwanaf-unzi" badala ya "mwana-funzi". Tazama na ritifaa, ile alama ndogo ya juu, kwenye "ng'": mara hugeuka, mara hupotea kabisa, na ng'ombe akawa ngombe.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea nakala yule mtoto wa mvuvi. Sasa ni kijana, anavua na baba yake. Aliniamkia, akafuta mikono, akafungua moja kwa moja sura ya ngalawa, akasoma amesimama. Akaguna.

"Maji sasa yako sawa, Mwalimu. Lakini fundo hili alilofunga Mwanaidi kwenye mkoko litafumuka."

Nimeliandika pembeni mwa nakala yangu, kwa penseli, kwa ajili ya toleo la pili.